Eti Kuniandika Kazi ni Ghali? Tuanze na Masetla wa Kitale

Wiki mbili zilizopita niliuliza swali kwenye mkutano wa saa nne asubuhi. Bosi wangu yuko Ulaya. Mimi niko Kitale, chumba cha kupanga huku Kibomet, na kuna jogoo wa jirani ambaye huwa anachangia kila mkutano bila kualikwa. Nimemfanyia huyu bosi kazi miezi 14. Nasikiliza video zao, naandika maneno, nasafisha, narudisha. Masaa tisa kwa siku, siku tano kwa wiki, na Jumamosi wakibanwa. Kwa hivyo nikamuuliza kwa heshima: si sasa mniandike?

Akatabasamu. Akasema ananithamini sana, mimi ni kama familia, lakini kumwandika mtu wa kudumu katika nchi ya kigeni ni ghali mno. Tuendelee tu hivi tulivyo, mimi nikiwa "mshirika huru."

Nchi ya kigeni. Manze, nchi ya kigeni ni hapa! Hapa kwetu!

Nilifunga laptopu, nikapanda matatu ya Webuye nikaenda kwa kukhu, upande wa Bungoma, mbele kidogo ya Kamukuywa. Sikuwa naenda kufanya utafiti, nilikuwa naenda kula. Lakini kukhu ana kikopo kimoja cha bati, bapa, kimeliwa na kutu kwenye pembe, anawekea sindano na uzi. Nimekiona tangu nikiwa mdogo. Siku hiyo ndiyo nilimuuliza kilitoka wapi.

"Hicho kilikuwa cha baba," akasema. "Alikuwa anakivaa shingoni akiwa kwa mzungu, Kitale. Ndani kulikuwa na karatasi yake."

Yaani babake kukhu aliandikwa. Mimi ndio sijaandikwa. Nikarudi Kitale na hilo jambo kichwani, na tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma usiku badala ya kuedit video zenu. Samahani kwa ukimya. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilinishinda, kwa hivyo sitajifanya profesa hapa. Lakini hii hesabu ya mtu wa nje kuajiri watu ndani ya nchi si yake haikuanza na intaneti. Kwetu ina zaidi ya miaka mia moja, na ukiifuata vizuri unaona kwamba neno "ghali" limekuwa likificha kitu kilekile wakati wote.

Kwanza, neno lenyewe: kibarua. Tunalitumia kila siku bila kufikiria, "niko kibarua," "nimepata kibarua." Ni barua ndogo. Zamani mtu wa kazi ya siku alipewa kijikaratasi cha kuonyesha kwamba amefanya, na mwishowe jina la karatasi likamhamia mtu mwenyewe. Ukawa wewe ndiwe karatasi. Lugha ina maneno mengi ya kazi, lakini hili ndilo lililotushika zaidi, na kibarua maana yake ni mtu ambaye kesho hahesabiwi.

Sasa Trans Nzoia. Watu wa Kitale husema kwamba hata kabla ya masetla, misafara ya pwani ilikuwa inapumzika hapa, na yale mawe yaliyo kwenye duara pale karibu na klabu ndipo watumwa walikuwa wanafungiwa. Hiyo ni hadithi ya siku nyingine. Masetla ndio waajiri wa kigeni walioacha makaratasi, kwa hivyo tuanze nao.

Waingereza walipigana na Wabukusu mwaka 1895 pale Lumboka na Chetambe, hiyo Chetambe ndiyo milima unayoona juu ya Webuye ukipita na gari la Eldoret. Baada ya hapo serikali ikawa ndiyo inagawa ardhi. Sheria ya mwaka 1902 ikaiita ardhi ya Mfalme, ile ya 1915 ikampa setla hati ya kukaa miaka 999. Mia tisa tisini na tisa! Halafu vita vya kwanza vikaisha, na kuanzia 1919 wanajeshi Waingereza waliostaafu wakaletwa kupewa mashamba, na Trans Nzoia ikawa moja ya sehemu walizopewa. Hapo walikuwa wamelisha ng'ombe Wasabaot, Wabukusu, Wapokot, na kabla yao Wamaasai wa Uasin Gishu. Kila jamii ina hadithi yake ya nani alitangulia, na sitaingia huko maana nitapigwa kwenye maoni. Wote walifungiwa nje na mstari mmoja.

Hebu sasa vaa viatu vya setla. Una mamia ya ekari za ardhi nzuri kuliko yote umewahi kuona. Huna trekta. Huna reli hadi 1926, hiyo ndiyo reli ilifika Kitale kutoka Eldoret. Una deni. Mahindi yanataka watu wengi wakati wa kupanda, wengi zaidi wakati wa palizi, wengi tena wakati wa kuvuna, na kati ya hapo hayataki mtu. Ukimwandika mtu wa kudumu kwa haki, umlipe pesa zinazotosha yeye, bibi, watoto, dawa akiugua, na kitu cha kumshikilia akizeeka, shamba lako halifiki mwaka wa tatu. Hata mimi ningelia. Hiyo shida ilikuwa ya kweli, na lazima niseme hivyo kabla sijawachoma.

Lakini walifanya nini?

Njia ya kawaida ya sokoni ni kwamba ukikosa watu unaongeza mshahara. Masetla walilia kila siku kwamba "hakuna wafanyakazi," na walimaanisha hakuna wafanyakazi kwa hiyo bei. Mtu wa Bungoma alikuwa na shamba lake, wimbi lake, ng'ombe wake. Angeenda Kitale kufuata nini? Kwa hivyo serikali ikamtengenezea sababu. Kodi ya vibanda ilikuwa imeanza mapema miaka ya 1900, ikipanda kidogo kidogo, na kufikia 1920 ilifika shilingi 16. Watu wakapiga kelele. Huko Nairobi Harry Thuku akashikwa Machi 1922 na watu wakapigwa risasi nje ya kituo cha polisi, huku kwetu upande wa Nyanza watu walikuwa tayari wamefanya mikutano yao ya Piny Owacho. Kodi ikashushwa hadi shilingi 12.

Sasa weka hiyo 12 karibu na mshahara. Katika miaka ya 1920 kibarua wa shambani alikuwa anapata kama shilingi 10 hivi kwa tiketi ya siku 30. Na siku 30 za tiketi si mwezi. Ni siku 30 zilizowekwa alama. Siku ya mvua haihesabiwi, siku ya homa haihesabiwi, siku nyapara ameamka vibaya haihesabiwi, na tiketi moja ingeweza kuburuzwa wiki sita. Kwa hivyo mtu mwenye kibanda kimoja alikuwa anafanya zaidi ya mwezi mzima kwa ajili ya kodi tu. Mwenye vibanda viwili, fanya hesabu mwenyewe.

Oktoba 1919 Gavana Northey alitoa waraka kuwaambia maofisa na machifu "wawahimize" watu waende kufanya kazi kwa wazungu. Mnajua chifu akihimiza inakuwaje. Makelele yalifika mpaka London na ikabidi wautie maji. Lakini kufikia hapo kipande kilikuwa kimeanza. Kila mwanaume wa miaka 16 na zaidi, alama za vidole, jina, kabila, nani amekuajiri, tarehe ya kuanza, mshahara, na sehemu ya mwajiri kutia sahihi ukiondoka. Hapo ndipo mtego ulikuwa. Asipotia sahihi, hakuna mwingine anaruhusiwa kukuajiri. Ukitoroka, unatafutwa na polisi kama mhalifu, kwa sababu kuacha kazi kulikuwa kosa la jinai. Karatasi inakaa kwenye kikopo cha bati, kikopo kinakaa shingoni. Kilidumu mpaka 1947.

Kwa hivyo ndiyo, babake kukhu aliandikwa. Lakini karatasi yake ilikuwa imeandika wajibu wake yeye kwa setla. Wajibu wa setla kwake haukuwa na nafasi kwenye kile kikopo. Ukiugua sana unarudi nyumbani. Ukizeeka unarudi nyumbani. Posho ilikuwa unga wa mtu mmoja, karibu kilo kwa siku, na haikumhusu bibi wala mtoto. Mshahara wa shilingi 10 ulitosha kwa sababu mama yuko Bungoma analima, analisha watoto, anauguza wazee. Ukiangalia vizuri, Bungoma ilikuwa inalipa nusu ya mshahara wa Kitale, na hakuna aliyeiandika kwenye daftari lolote la shamba.

Halafu kuna wale waliohamia kabisa, na babake kukhu alikuwa mmoja wao. Maskwota. Setla ana ardhi kubwa ambayo hawezi kulima yote, Mbukusu ana ng'ombe na anataka malisho. Wakaelewana: kaa hapa, lima kipande, lisha ng'ombe, nifanyie kazi. Sheria ya 1918 ikaweka kwamba hakuna Mwafrika kukaa kwenye shamba la mzungu isipokuwa afanye kazi si chini ya siku 180 kwa mwaka, na kodi ya ardhi kwa pesa ikakatazwa. Yaani hata ukiwa na pesa ya kukodi, hapana, lipa kwa mikono. Siku 180, na mshahara mdogo kuliko wa kibarua wa kawaida kwa sababu "tumekupa malisho." Malisho yale yale ambayo babu yako alikuwa analisha bure. Mnaona huu mchezo? Mtu wa nje anakuwa mwenyeji, mwenyeji anakuwa mgeni anayehitaji mkataba wa kukaa.

Kwa miaka kadhaa maskwota walifaulu kuliko masetla walivyotarajia. Ng'ombe waliongezeka. Mahindi yao yaliuzwa. Na hapo ndipo wakawa tatizo, maana mtu mwenye ng'ombe ishirini hakimbilii shilingi kumi. Sheria mpya ya 1937 ikayapa mabaraza ya masetla nguvu ya kupanga skwota alime ekari ngapi, afuge wanyama wangapi, na siku za kazi zikaweza kufika 240 mpaka 270. Kukhu anasema mamake alimwambia kwamba siku waliyoambiwa wapunguze ng'ombe, babake aliuza kwa bei ya kutupa kwa sababu kila mtu alikuwa anauza wiki hiyo hiyo. Halafu akawa anafanya siku nyingi zaidi. Halafu wakarudi Bungoma wakiwa na ng'ombe wawili na kile kikopo. Kukhu alikuwa mtoto wa mgongoni.

Wakati wa vita vya pili ilikuwa mbaya zaidi. Mwaka 1942 serikali ikahakikishia masetla bei ya mahindi, na bei ya mahindi yao ilikuwa juu kuliko ya mahindi ya Mwafrika, halafu ikaruhusu watu washikwe kwa nguvu kupelekwa mashamba ya watu binafsi, eti ni kazi muhimu ya vita. Kwa hivyo mtu akikuambia masetla walijenga Kitale kwa jasho lao, muulize nani alilipia reli, bei, polisi wa kutafuta watoro na benki ya mikopo ya 1931. Kazi haikuwa rahisi kwa sababu watu wetu walikuwa rahisi. Ilifanywa rahisi kwa gharama kubwa sana, na bili ilitumwa kwa wengine.

Ukitaka kujua wale wengine walikuwa wanafikiria nini, soma habari za Elijah Masinde wa Kimilili. Wengi mnamjua kama nabii wa Dini ya Msambwa, mzee wa miujiza. Kabla ya hapo alikuwa mchezaji mpira, aliichezea Kenya Kombe la Gossage mwaka 1930. Kufikia miaka ya 1940 alikuwa anawaambia watu waziwazi kwamba wazungu waondoke na ardhi irudi. Wakamshika, na mwaka 1945 wakampeleka Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili, akakaa mpaka 1947. Akatoka hajabadilika. Februari 1948 polisi wakapiga risasi umati wa wafuasi wake Malakisi, watu 11 wakafa, dini ikapigwa marufuku, Masinde akapelekwa Lamu. Mtu anayekataa kuajiriwa kwa masharti hayo, wakaamua lazima awe wazimu. Hiyo pia iwekwe kwenye hesabu.

Nisiwe wa kulia tu. Kuna wakati mmoja mtu wa nje alikuja huku kwetu akaandika watu kweli kweli, na mnajua ni wapi. Webuye. Pan African Paper Mills. Serikali ya Kenya, kampuni ya familia ya Birla kutoka India, na lile shirika la Benki ya Dunia la kukopesha makampuni. Ilianzishwa 1969, ikaanza kutoa karatasi miaka ya 1970, wakati mji wenyewe ulikuwa umetoka tu kuitwa Broderick Falls. Iliandika zaidi ya watu elfu moja, na nyuma yao walikuwa wakata miti, madereva, mama mboga, wenye nyumba za kupanga. Wazee wa Webuye wakikuambia "nilikuwa Panpaper" wanasimama wima kidogo. Nyumba za kampuni, payslipu, mkopo wa Sacco, mtoto shule. Mtu aliyeandikwa hivyo angeweza kupanga mwaka kesho.

Sitaki kuipamba. Harufu yake ilikuwa inafika kabla hujafika Webuye, na mabati ya watu yalikuwa yanaoza kwa moshi, unaezeka leo, baada ya miaka michache unaona nyota. Hiyo pia ni gharama ambayo kampuni iliwaachia wengine. Lakini mwaka 2009 ilipofungwa mji ulizimika. Ilifunguliwa kidogo ikafungwa tena, mwishowe ikauzwa 2016. Mjomba wangu alikuwa huko. Alipewa barua, si "umetolewa kwenye mfumo." Alikuwa na chama cha wafanyakazi cha kudai malipo yake. Alidai miaka na miaka, bana, lakini alikuwa na mlango wa kugonga.

Mimi nina mlango gani?

Basi nikakaa chini nikafanya hesabu ambayo bosi alisema ni ghali. Ananilipa dola 465 kwa mwezi, hiyo kwa bei ya sasa ni karibu shilingi 60,000. Tuseme ameniandika Kenya kihalali kwa hiyo 60,000. Mwajiri anachangia NSSF asilimia 6, ni 3,600. Ushuru wa nyumba asilimia 1.5, ni 900. (Ndiyo, miaka mia baadaye tuko tena kwa kodi ya nyumba. Msinianze.) Kuna shilingi 50 ya NITA. SHIF asilimia 2.75 inatoka kwangu peke yangu, yeye haimgusi. Jumla ya nyongeza yake: 4,550. Yaani kwa kila shilingi mia anayonilipa, aongeze chini ya shilingi nane.

Shilingi nane. Hiyo ndiyo "ghali mno."

Kuna na masharti, sawa. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema siku 21 za likizo kwa mwaka na malipo. Ukiugua baada ya miezi miwili kazini una siku saba za malipo kamili na saba za nusu. Mama akizaa, miezi mitatu. Baba, wiki mbili. Kukufuta bila sababu na bila kukusikiliza kunaweza kumgharimu mishahara ya mpaka miezi 12. Na kuna kifungu cha 37 ambacho ningekipigia makofi kama kingekuwa mtu: ukimweka kibarua akafanya mfululizo kwa mwezi, au kwa kazi ambayo haiwezi kuisha chini ya miezi mitatu, sheria inamhesabu kama mfanyakazi wa mwezi, hata kama wewe umeendelea kumwita kibarua. Mtu aliyeandika hicho kifungu alikuwa anakumbuka tiketi ya siku 30, ama babu yake alimsimulia.

Halafu upande wa bosi, niwe muungwana. Hana ofisi Kenya. Kusajili kampuni hapa, kupata namba ya KRA, kutafuta mhasibu, kuogopa kwamba serikali itasema sasa wewe una biashara huku na utalipa kodi ya faida, hiyo ni kichwa kuuma kwa kampuni ya watu 12. Ndiyo maana kuna makampuni ya kati yanayokuandika kwa niaba yake. Nikaangalia bei. Makubwa kati yao yametangaza karibu dola 600 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi.

Soma tena. Wakala anataka 600. Mimi napata 465. Anayeniandika analipwa kuliko anayefanya kazi! Hapo nikakumbuka kwamba hata enzi za masetla kulikuwa na mawakala wa kutafuta watu, wanalipwa kwa kila kichwa wanachofikisha shambani. Hii kazi ya kusimama katikati haijawahi kukosa pesa.

Na hata pesa ikiwa ipo, mara nyingi inaishia katikati. Januari 2023 jarida la TIME lilieleza kuhusu wasee wa Nairobi waliokuwa wanasafisha maneno machafu ili ChatGPT isiyarudie. OpenAI ilikuwa inalipa kampuni ya Sama dola 12.50 kwa saa. Waliosoma ule uchafu walikuwa wanaenda nyumbani na dola 1.32 mpaka 2 kwa saa. Wenzao waliokuwa wanachuja Facebook walienda kortini, akianza Daniel Motaung mwaka 2022, halafu zaidi ya watu 180 mwaka uliofuata. Meta ikasema: sisi hatukuwaajiri, na sisi si wa Kenya, korti yenu haituhusu. Mahakama ya Ajira ikakataa hilo 2023, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikasema inaweza kushtakiwa hapa hapa. Nilifurahi kama Harambee Stars wamefunga. Halafu kufika mwisho wa mwaka huohuo kukawa na mswada Seneti wa kuilinda kampuni ya nje isishtakiwe na wafanyakazi wa kampuni iliyoipa kazi. 1918 na 1937 zilikuwa sheria pia. Hakuna siku kazi ilipunguzwa bei huku bila mtu kuandika sheria kwanza.

Mtaniambia: chunga, ukilia sana kazi itaenda Manila. Najua. Machi 2024 Remotasks ilizima Kenya, ghafla tu, watu wakaamka hawawezi kuingia. Nina marafiki hapa Kitale walikuwa wamechukua laptopu kwa mkopo juu ya hiyo kazi. Kwa hivyo sisemi hii hofu ni ya uongo. Nasema tu hofu hiyo ndiyo malisho ya siku hizi. Tunafanya siku 270 kwa sababu tunaogopa kutolewa shambani.

Na kuna kitu kilinitokea ambacho sijawahi kusema hapa. Mwezi wa tano mama alifanyiwa upasuaji Bungoma. Nilikaa naye hospitalini siku sita. Nilikuwa nimemwambia bosi, akanitumia moyo na "pole sana." Mwisho wa mwezi siku hizo sita hazikuwepo kwenye malipo. Hakunifanyia ubaya wowote kulingana na mkataba. Siku ambayo haijawekwa alama haihesabiwi. Aliyenilisha hizo wiki mbili zilizofuata ni kukhu, gunia nusu la mahindi na maharagwe, na dadangu alinilipia waifai. Kwa hivyo kampuni moja ya Ulaya mwezi wa tano ilisaidiwa na bibi mzee wa Kamukuywa, na haijui.

Jumatatu nilimtumia bosi hesabu yote. Nilimwandikia vizuri, bila hasira: 4,550 kwa mwezi, likizo siku 21, na kama wakala ni ghali basi tugawane, aniongeze hata nusu ya ile 600 nijilipie NSSF na bima mwenyewe, na aweke kwenye mkataba siku za kuugua. Nilimweleza pia kwamba kwa sheria yetu hapa, jina analoniita si lazima liwe ndilo korti itaniita. Hilo la mwisho nilifuta mara tatu nikarudisha.

Ameisoma. Zile alama mbili zimekuwa za bluu tangu Jumanne.

Mkataba mpya uko kwenye barua pepe, kurasa sita, unaanza tarehe moja. Ukurasa wa pili umeandikwa mara nne kwamba mimi si mfanyakazi wao. Sijatia sahihi.